Kujitolea Kijijini: Kuanzia Barua ya Utambulisho Hadi Siku ya Kukabidhi

Mwongozo huu ni wa Mtanzania anayekwenda kujitolea kijijini kwa miezi sita, mwaka au zaidi: mwalimu anayesubiri ajira, muuguzi aliyetoka chuo, mhitimu wa kilimo aliyechukuliwa na shirika, hata mstaafu ambaye bado ana nguvu. Mgeni kutoka nje ya nchi naye atakuta mengi yanamhusu. Ninachokisisitiza humu ni kwamba kijijini kazi huanza baada ya mtu kupokelewa, na kupokelewa kuna utaratibu wake. Anayeuruka utaratibu huo hupewa ushirikiano wa mdomoni, na kazi yake hufa wiki ileile anayopanda basi kurudi kwao.

Kabla hujakubali kwenda

Uliza nani kijijini aliomba mtu wa kujitolea. Jibu zuri lina mtu ndani yake: mwalimu mkuu aliyekosa mwalimu wa hisabati, mganga mfawidhi wa zahanati aliyeelemewa na kliniki ya mama na mtoto, kikundi cha wafugaji wa nyuki kilichokosa soko. Ukijibiwa kwamba "jamii ina uhitaji mkubwa", uliza tena. Uhitaji upo kila mahali, lakini uhitaji mtupu hautakupokea stendi wala kukuonyesha pa kulala.

Baada ya hapo omba makubaliano kwa maandishi, hata kama ni ukurasa mmoja. Yataje kazi utakayofanya, msimamizi wako wa kila siku, muda, nani anagharamia nyumba, posho ya kujikimu kama ipo na inalipwa tarehe gani, na nani atakusafirisha ukiugua. Kipengele cha posho ndicho wengi wanachoona aibu kukiuliza, na ndicho kinachowarudisha mjini mapema. Kujitolea hakuondoi njaa. Kama hakuna posho, piga hesabu ya miezi yote kwa akiba yako mwenyewe kabla ya kusema ndiyo.

Kuwa mwangalifu na nafasi zinazokutaka ulipe kwanza "ada ya usajili" kwa mtu usiyemfahamu. Kuwa mwangalifu zaidi na vituo vya watoto vinavyopokea watu wa kujitolea wa wiki mbili tatu, wanaopishana mlangoni kama abiria. Mtoto anayezoeshwa mlezi mpya kila mwezi anaumizwa, hata kama kila mlezi alikuja na moyo mweupe.

Kuhusu karatasi: barua ya utambulisho kutoka shirika au chuo iende kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri ya Wilaya, naye akuandikie barua ya kukushusha kwa mtendaji wa kata, kisha mtendaji wa kijiji. Toa nakala kadhaa, maana kila ofisi itabaki na yake. Beba kitambulisho cha Taifa, na kama taaluma yako ina leseni, kama uuguzi, beba leseni pia. Asiye raia anahitaji kibali cha ukaazi Daraja C. Viza ya matembezi haimruhusu kufanya kazi, hata isiyo na mshahara. Na kama kazi yako inahusu kukusanya takwimu kwa ajili ya utafiti, barua ya halmashauri peke yake haitoshi: vibali vya utafiti vina njia yake kupitia COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia.

Chagua vizuri mwezi wa kufika kama una nafasi ya kuchagua. Mikoa yenye misimu miwili ya mvua hulima kwa vuli na masika. Dodoma, Singida na nyanda za kusini hutegemea msimu mmoja, takribani Novemba hadi Aprili. Ukifika wakati wa kupanda au kupalilia utakuta kijiji kitupu mpaka jioni, na kikao ulichoitisha saa nne asubuhi utakikalia peke yako. Baada ya mavuno watu wana muda na chakula, na barabara inapitika.

Mzigo

Beba kidogo. Chandarua chenye dawa, tochi ya sola, dawa zako binafsi za miezi mitatu, buti za mvua, viatu vya kufunga, nguo za heshima (kwa mwanamke, kanga au kitenge cha kujifunga hakikosi kazi), daftari gumu. Simu ya kitochi ni ya lazima hata kama una simu janja, kwa sababu inakaa na chaji siku kadhaa. Ulizia mtandao gani unashika huko kabla ya kununua laini. Beba noti ndogo ndogo pia, maana muuza duka wa kijijini hana chenji ya elfu kumi asubuhi.

Kujitambulisha, kwa mpangilio

Siku ya kwanza nenda ofisi ya mtendaji wa kijiji, toa barua, saini kitabu cha wageni. Mtendaji ni mwajiriwa na mara nyingi si mzaliwa wa hapo. Mwenyekiti wa kijiji amechaguliwa na wananchi na ndiye anayejua ukoo gani haupatani na upi. Hao wawili huwa na mvutano wa chini kwa chini katika vijiji vingi. Waone wote wawili siku ileile ikiwezekana, na usimpelekee mmoja maneno ya mwenzake.

Kisha mwenyekiti wa kitongoji utakachoishi. Balozi wa nyumba kumi ni ngazi ya chama (CCM), lakini vijiji vingi bado vinamtegemea kujua nani amelala wapi, kwa hiyo mpitie. Baada yao, mwalimu mkuu, mganga mfawidhi, shehe, padri au mchungaji. Kwa Wamaasai usimruke laigwanani, kiongozi wao wa jadi. Usukumani utasikia habari za sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, nao wanapenda kujua sura mpya inayotembea usiku ni ya nani.

Halmashauri ya kijiji ina wajumbe kati ya 15 na 25. Omba uingizwe kwenye ajenda ya kikao chao, halafu kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao ni wa wakazi wote wenye miaka 18 na kuendelea na unapaswa kufanyika kila baada ya miezi mitatu. Hapo ndipo utambulisho wako unakuwa rasmi. Zungumza kwa dakika tano: jina, umetokea wapi, nani amekuleta, utafanya nini, utakaa mpaka lini. La muhimu kuliko yote, sema usichokuja nacho. Kama huna mradi wa fedha, liseme hilo mbele ya wote, kwa Kiswahili chepesi, na urudie. Uvumi kwamba umeleta pesa ukishatangulia, kila utakachofanya kitapimwa kwa pesa hizo ambazo hazipo.

Salamu usizifupishe. Shikamoo kwa kila aliyekuzidi umri waziwazi, na simama unapoitoa. Usiitupe ukiwa unapita kwa pikipiki. Ukijifunza salamu ya kilugha cha hapo utafunguliwa milango ambayo barua ya mkurugenzi haifungui: "mwangaluka" asubuhi kwa Wasukuma, "kamwene" kwa Wahehe na Wabena, "mbukwenyi" kwa Wagogo, "ugonile" kwa Wanyakyusa. Utachekwa matamshi. Hicho kicheko ni kizuri, usikiogope.

Nyumba, maji na afya

Nyumba itafutwe kupitia viongozi, usiitafute peke yako. Angalia choo kabla ya kuangalia chumba. Kisha paa, kitasa, umbali wa maji, na jirani ni nani. Kwa msichana anayeishi peke yake nashauri chumba ndani ya ua wa familia kuliko nyumba iliyojitenga, hata kama iliyojitenga ni nzuri zaidi. Ukikaa na familia, kubalianeni mapema utachangia nini kila mwezi, na mchango huo mpe mama mwenye jiko.

Maji ya kunywa yachemshe mpaka yatokote kwa nguvu walau dakika moja. Ukiwa kwenye milima mirefu, tatu. Ukiishiwa kuni au mkaa, maji maangavu kwenye chupa safi ya plastiki inayopitisha mwanga, ikiachwa juu ya bati kwenye jua kali kwa saa sita, yanapungua vijidudu kiasi cha kunyweka; kukiwa na mawingu yaache siku mbili mfululizo.

Homa yoyote ipimwe zahanati ndani ya siku moja. Kipimo cha haraka cha malaria hutoa majibu kwa muda mfupi, na dawa ya mseto humezwa baada ya kupima na kwa dozi nzima. Wanaokaa kando ya Ziwa Victoria wasioge wala kufulia kwenye maji yaliyotulia ya ufukweni, kichocho kiko hapo. Ukiumwa na mbwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, halafu nenda ukachanjwe siku hiyohiyo, usingoje kuona mbwa atafanyaje. Ukiumwa na nyoka usikate jeraha wala kufunga kamba. Tuliza kiungo kisitikisike, na bodaboda ya kwanza ikupeleke hospitali. Kwa hiyo namba ya bodaboda anayeamka usiku uwe nayo tangu wiki ya kwanza.

Miezi ya mwanzo ni ya kutembea na kuuliza

Hapa ndipo vijana wengi wanapokosa subira. Wanataka kuonyesha matokeo kwenye ripoti ya robo ya kwanza, kumbe kijiji bado kinawasoma.

Kumbuka unaingia mahali penye historia ndefu ya watu waliokuja na mipango. Mzee wa miaka sabini na kitu aliishuhudia Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, familia zikihamishwa kwenda kwenye vijiji vilivyopangwa, wengine bila hiari. Anaikumbuka kampeni ya redio ya "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973, watu wakikusanyika vikundi vikundi kusikiliza na kisha kuchimba vyoo. Huenda alifundishwa na kijana wa Peace Corps, shirika la Marekani la watu wa kujitolea, maana Wamarekani hao walianza kuja Tanganyika mwaka 1961. Baadaye yakaja mashirika na magari yao, kila moja na semina zake. Mzee huyo hatakupinga. Atakusikiliza kwa adabu, atasema ni wazo jema, kisha atangoja aone kama utakuwepo msimu ujao.

Kwa hiyo jifunze kusikia kukataa kwa adabu. "Tutaangalia" bila siku iliyotajwa ni hapana. "Wazo zuri sana, mwalimu" likifuatwa na kimya ni hapana. Ndiyo ya kweli huja na maswali ya kero: nani atatunza ufunguo, mbuzi wakiingia itakuwaje, vifaa vitakaa kwa nani. Ukisikia watu wanaanza kubishana juu ya hayo, furahi.

Namna ya kuuliza ina uzito. Ukiuliza "mna matatizo gani?" utapewa orodha ambayo kila mgeni amepewa: maji, barabara, zahanati, mtaji. Uliza mambo yaliyokwisha kutokea. Pampu ilipoharibika mara ya mwisho, nani aliitengeneza, fedha zilitoka wapi, ilichukua muda gani? Mwaka wenye njaa, watu walikula nini, nani alisaidiwa kwanza? Kikundi kilichovunjika kilivunjikia wapi? Majibu ya maswali hayo yatakupa majina ya watu, na majina ndiyo unayoyatafuta. Katika kila kijiji wapo wachache ambao kazi ikikwama watu huwaendea, na mara nyingi hawana cheo chochote.

Tembea vitongoji vyote, hasa vya mbali ambako gari la mradi halifiki. Chora ramani ya mkono. Andika kalenda ya mwaka: miezi ya kupanda, kuvuna, njaa, jando na unyago kama vipo, harusi, siku ya gulio au mnada. Andika pia nani tayari anafanya kazi unayotaka kufanya: wahudumu wa afya ngazi ya jamii, afisa ugani wa kata, afisa maendeleo ya jamii, vikundi vya VICOBA vya kuweka na kukopa, chombo cha watumia maji kinachosimamiwa na RUWASA, wakala wa maji vijijini. Kuanzisha kamati mpya pembeni ya kamati iliyopo ni njia ya haraka ya kupata maadui wenye adabu.

Wanawake katika mikutano mingi hukaa nyuma na kuzungumza kidogo. Usihitimishe kwamba hawana la kusema. Nenda kwenye foleni ya maji, kwenye mashine ya kusaga, kwenye kikao cha kuweka hisa. Kama wewe ni mwanamume kijana, nenda na mtu wanayemwamini, kaa mahali panapoonekana, na usikae sana.

Pesa, mikopo, michango

Utaombwa. Mpaka mwisho wa mwezi wa kwanza utakuwa umeombwa nauli, daftari la mtoto, dawa, na mtaji wa kuku. Hakuna ubaya ndani yake. Kijijini watu huishi kwa kuombana na kurudishiana, na wewe umeingia humo. Tatizo ni kutokuwa na msimamo.

Msimamo ninaoupendekeza ni huu. Msiba, changia daima, kwa kiwango kilekile cha kaya nyingine, na nenda mwenyewe ukakae na wafiwa, usitume mtu. Ukitoa mara kumi ya wenzako umejipandisha daraja ambalo hutalimudu msimu mzima. Harusi na michango ya shule, fuata kiwango cha kitongoji. Mkopo wa mtu binafsi, toa kiasi ambacho kisiporudi hutanuna, na kisizidi hapo. Mgonjwa wa dharura ni jambo jingine, humo hakuna kanuni. Usiweke wazi unachopokea, na usitoe pesa kwa wakala kila Ijumaa mbele ya kijiwe kilekile.

Posho ya vikao ni mtego mkubwa zaidi. Kama shirika lako halina bajeti yake, usianzishe kwa kutoa mfukoni "kidogo tu ya soda", kwa sababu kikao cha pili bila soda hakitajaa, na aliyekutangulia atalaumiwa au atakayekufuata atateseka. Kama ipo, uliza halmashauri na mashirika mengine ya wilaya hiyo wanatoa nauli kiasi gani, nawe utoe hicho. Mimi ni wa upande wa wanaosema mkulima anayeacha shamba lake siku nzima kwa ajili ya semina yako anastahili kulipwa chakula na nauli. Kikao cha saa moja jioni cha kupanga bustani ya shule yao wenyewe ni habari nyingine.

Kuanza kazi

Anza na kilichopo na kimekwama. Tangi la shule linalovuja, rejista ya mahudhurio isiyojazwa, kitalu kilichokauka. Kitengenezeni pamoja na mtu wa hapo. Kila kazi yako iwe na mwenza mwenyeji tangu siku ya kwanza, anayejua kila unachojua. Kama unafundisha, keti na mwalimu wa somo mpange vipindi pamoja, usichukue darasa zima ukamwachia yeye mapumziko. Ukiugua wiki nzima na kazi ikasimama, mwenza huyo yupo kwa jina tu.

Kabla ya kuleta kifaa chochote jibu maswali matatu kwa maandishi: kipuri kinauzwa mji gani, fundi ni nani, na fedha ya kukitengeneza inakusanywaje na kutunzwa na nani. Pampu nzuri isiyo na vipuri ndani ya mkoa itakuwa kitu cha watoto kuchezea kabla hujasahaulika. Nguvu kazi mara nyingi ipo. Upareni na Uchagani wana msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, kwingine majina ni mengine. Lakini siku hupangwa na viongozi wa kitongoji, na ukiitisha wewe mgeni watu watauliza analipa nani.

Usipange kikao siku ya gulio, Ijumaa mchana, wala Jumapili asubuhi. Taja saa kwa Kiswahili na uitaje pamoja na jua: saa kumi, jua likipungua. Ukitokea msiba ahirisha bila kunung'unika na uende.

Mipaka

Mapenzi na mwanafunzi ni jinai na ni uharibifu wa maisha ya mtoto. Anayempa mimba mwanafunzi wa shule anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Mapenzi na mtu mzima wa kijijini si kosa la kisheria, lakini ukoo mzima utajua kabla ya kesho asubuhi, na ukiyavunja vibaya umevunja na kazi.

Picha: omba ruhusa kila mara, na kwa mtoto omba kwa mzazi. Tuna Sheria ya Mtoto ya 2009 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, lakini hata bila sheria, jiulize kama ungependa picha ya mama yako akiwa mgonjwa isambae mtandaoni. Siasa za vyama ziache kabisa, zaidi mwaka wa uchaguzi. Usivae hata fulana. Dini, sali na wenzako kama ni desturi yako na usihubiri kwa kutumia kazi uliyopewa. Pombe ya kienyeji unaweza kuonja ukikaribishwa, ila kilabuni usiwe mtu wa kila siku.

Upweke utakuja, mara nyingi baada ya miezi miwili mitatu, ugeni ukishaisha na sifa zikapungua. Panga mapema kwenda mjini mara moja kwa mwezi, kuwa na mtu mmoja wa kumpigia bila kuficha, na lima hata matuta mawili ya mchicha. Anayelima hupata mazungumzo bila kuyatafuta.

Kukabidhi

Anza kukabidhi muda wako ukiwa umefika nusu. Kila mwezi mwachie mwenza wako sehemu moja nzima, aifanye vibaya kidogo mbele yako wakati bado upo wa kuulizwa. Andika kitabu cha kazi kwa Kiswahili: nini kilifanyika, fedha ziliingia na kutoka vipi, namba ya fundi, duka la vipuri, mambo yaliyokataa na kwa nini. Nakala moja ikae ofisi ya mtendaji, moja kwa mwenza, moja shuleni au zahanati. Vifaa viorodheshwe na kusainiwa mbele ya halmashauri ya kijiji, jina la mshika ufunguo likiandikwa, kisha matokeo yasomwe kwenye mkutano mkuu. Mali isiyosomwa mkutanoni hugeuka mali ya mtu.

Aga kwa mpangilio uleule uliotumia kujitambulisha, ukianzia ofisini na kuishia kwa majirani. Usiahidi kurudi mwezi fulani kama hujakata tiketi. Rudisha sufuria, jembe na kitabu ulichoazima, na deni la dukani lilipe siku mbili kabla, maana siku yenyewe utakuwa na watu mlangoni tangu alfajiri.